Sista Amekwenda Home

Nilipokuwa na miaka kumi nilijua jambo ambalo, nadhani, hata Baba Mtakatifu kule Roma alikuwa hajaambiwa: masista wa Ireland hawafi. Wakizeeka, magoti yakianza kulia kama mlango wa kabati, wanapandishwa ndege kurudi kwao, na kwao kuna kisima. Kisima cha mtakatifu mmoja, maji yake baridi hata vyura wake wanavaa soksi. Sista anazamishwa humo kwa jina la Baba, anazamishwa kwa jina la Mwana, na la Roho Mtakatifu likitajwa anatoka binti wa miaka ishirini, meno yote mdomoni. Anakaushwa, anapewa jina jipya ili serikali isishtuke, kisha anarudishwa Durban kuendelea na somo pale pale alipoliachia. Nacheka ninapoandika, lakini wakati ule, ndugu yangu, ungenichoma moto nisingekana.

Aliyeniambia ni mwenzangu wa dawati, mtoto wa Lubumbashi aliyejua kila kitu duniani isipokuwa kugawanya. Ushahidi alikuwa nao. Kwenye korido ya shule yetu zilitundikwa picha za masista wakuu tangu yule wa kwanza aliyeshuka melini, zamani za farasi. Wote walikuwa na kitambaa kile kile kilichobana uso mpaka ikabaki pua na macho na kidevu kidogo tu.

"Angalia pua," aliniambia. "Hii hapa, na ile kule mwisho. Si ni pua moja?"

"Ni moja."

"Basi ni mutu moja. Miaka mia moja, mutu moja!"

Ungemjibu nini mtu kama huyo?

Haya yote yamenirudia mwezi uliopita kwa sababu ya kioo cha simu. Simu yangu ilianguka kutoka juu ya lori kule Clairwood, kwenye ghala ninakofanya kazi, na jamaa mmoja akaniambia niende kwa vijana wa Goma wanaotengeneza, wako kwenye jengo la matofali mekundu, ukivuka soko la Warwick unaliona. Nikavuka, nikaliona, na miguu ikakataa kuingia. Ilikuwa shule yangu. Darasani kwetu kuna meza ya simu, kiti cha kusukia nywele, na mama mmoja anauza makayabo, samaki wetu wa chumvi. Kanisa dogo la masista limejaa magodoro mpaka darini. Kijana akachukua simu yangu, akaniambia, "Kaa hapo, mkubwa, dakika kidogo tu," na mimi nikaenda kuzunguka kwenye korido. Picha hazipo. Lakini ukutani, pale zilipokuwa, rangi haijachakaa kama kwingine: iko mistatili mieupe, mmoja baada ya mwingine, kama madirisha ambayo mtu ameyaziba. Nikasimama pale kama mtu aliyefika matangani akakuta watu wameshatawanyika.

Tulifika Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vilipotutoa Bukavu. Papa, baba yangu, kule alikuwa mwalimu, mtu wa tai na kamusi. Hapa alilinda magari ya watu ufukweni, amevaa kikoti cha rangi ya chungwa. Mama alisuka nywele Warwick, kwenye kelele ambayo sijawahi kuisikia tena mahali popote, makonda wa teksi wakiita kwa Kizulu, wauza mizizi ya dawa wakitwanga, redio kumi zikiimba nyimbo kumi. Shule za serikali zilimwambia Papa alete karatasi. Karatasi yetu ilikuwa kipande kimoja tu kilichokunjwa mpaka kikawa laini kama leso, na kila aliyekitazama alikirudisha haraka. Ndipo Papa, aliyesomeshwa na mapadri wa Kibelgiji na kuwaogopa maisha yake yote, akasema tuwatafute masista. "Masomo ya mapadri na mamère haikataake mutoto," alisema, maana kwetu masomo ni shule na mamère ni masista. "Na haifungwake hata siku moja."

Aliyetufungulia mlango ndiye Sista. Walikuwepo masista wengine watano au sita, kila mmoja na jina lake refu la mtakatifu, lakini ukisema Sista tu, shule nzima ilijua ni nani. Alikuwa mfupi, mwenye madoadoa usoni kama embe lililoiva vizuri, na kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kwenda nje, kwa hiyo kila alipokuonyesha mbele ilionekana kama anakuonyesha na pembeni. Aliitazama ile karatasi yetu, akaikunja, akamrudishia Papa, akaniuliza mimi: "Unakula viazi?" Nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa interviu yangu.

Uji wa asubuhi pale ulikuwa mzito, ungeweza kusimamisha kijiko ukaenda zako Johannesburg na kurudi ukikute kimesimama. Korido tuliing'arisha wenyewe kila Ijumaa kwa dawa nyekundu ya sakafu, tumefunga matambara miguuni, tunateleza wawili wawili kama watu wanaocheza dansi, na harufu ile ilikaa puani mpaka Jumatatu. Siku ya mtakatifu wao, mwezi wa tatu, tulibandikwa utepe wa kijani kifuani, watoto wa Kongo na wa Kizulu na Wahindi, sote Waairishi mpaka saa nane, tukapewa viazi na mkate wao mweusi usio na hamira. Nilimpelekea Mama kipande. Akautafuna, akautazama, akautafuna tena. "Hii mkate," alisema, "walisahau kuiivisha ao ni adhabu?"

Saa sita mchana kengele iligonga na kila kitu kilisimama, hata chaki hewani. Muda si mrefu baada ya kengele, msikiti wa mtaa wa pili nao uliadhini, na kati ya sauti hizo mbili honi za teksi hazikukoma hata kidogo. Sista alisema Mungu akikosa kuisikia Durban, basi ni yeye anajifanya.

Na neno lake kubwa lilikuwa moja: itolee. Jino linauma? Itolee kwa Mungu. Njaa? Itolee. Umekosa mpira kwa sababu unarudia sarufi? Itolee hiyo, ni zawadi nzuri. Mwenzangu wa dawati alihesabu kwamba kwa zawadi zetu Mungu sasa hana nafasi ghalani.

Kiingereza alitufundisha kwa kioo. Kila mtu alikuja na kipande cha kioo, anajitazama ulimi ukitoka katikati ya meno: the, this, that, thirty-three. Sisi tulisema za, zis, zat. Yeye mwenyewe, Mungu amrehemu, alisema tirty-tree, maana ndivyo wanavyosema kwao, na hakujisikia hata siku moja. Lakini kilichomtoa machozi si matamshi. Ni kwamba sisi watoto wa Kiswahili tulikuwa tukikiacha kabisa kile kineno kidogo, the. I go to shop. I see teacher. "Kiko wapi?" aliuliza, akichungulia chini ya madawati kama anatafuta kuku. "Kile kineno changu kidogo mmekipeleka wapi? Mnakila?" Hatukukila. Hatukuwa na mahali pa kukiweka tu. Katika lugha yetu duka ni duka na nyumbani ni nyumbani, kineno kile kilipita masikioni kama upepo wa feni.

Ijumaa mchana, korido ikikauka, alitusimulia kwao. Nilipenda hiyo kuliko uji. Alisema zamani huko Ireland Waingereza waliowatawala walikataza Wakatoliki kuwa na shule. Mwalimu akionekana anafundisha, anakamatwa. Basi watu wakafundishia nyuma ya vichaka, kwenye mashimo ya kandokando ya mashamba, mvua inanyesha, na mtoto mmoja anawekwa kilimani kuangalia askari. Mtoto aliyeangalia leo, kesho anasoma, mwingine anaangalia. "Ndiyo maana," alisema, "tuliporuhusiwa hatimaye, tulijenga shule kama wendawazimu. Kila mji, kila kijiji, mabruda hapa, masista pale. Tulipomaliza kwetu tukapanda meli tukaja kuwajengea ninyi, hata kabla hamjaomba." Tulicheka. Lakini mimi, niliyepita msituni nyuma ya Papa usiku wa kukimbia, nilimwelewa yule mtoto wa kilimani vizuri mno. Nilifikiri: kumbe hata wazungu.

Alitoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa. Nyumba ya kuwafunzia masista wapya ilijaa wasichana, wakilala mpaka kwenye ngazi, alivyosema yeye, na huenda na yeye alikuwa anaongeza chumvi, labda ndiye aliyeniambukiza. Sasa, alisema, hakuna msichana hata mmoja anayeingia. Nyumba ile imebaki na paka. Alilisema hivyo tu huku akifuta ubao, na sisi tulicheka kwa sababu ya paka.

Magazeti ya kwao yalimfikia kwa kifurushi, yamechelewa, na tuliyatumia kufunika madaftari. Dawati langu lilijaa habari za mvua na ng'ombe wa Ireland. Mwaka mmoja, ghafla, akaacha kutugawia. Kipande kimoja kilikuwa kimebaki kwenye daftari langu, Papa akakisoma akitafuta maneno kwenye kamusi, kisha akakiweka chini polepole. Kilizungumza juu ya shule na nyumba za watoto kule kwao, za mabruda na masista, watoto walivyopigwa humo na kufanyiwa mabaya, na jinsi watu wazima walivyonyamaza miaka yote hiyo. Papa alisema neno moja tu: "Kumbe."

Siku chache baadaye Sista alisimama mbele yetu bila kitabu. Akasema kuna watu waliovaa kama yeye waliowaumiza watoto, na wengine waliovaa kama yeye walijua. Akauliza kama yeye amewahi kumwumiza mtu yeyote mle darasani. Halafu mwenzangu wa dawati akanyoosha mkono.

"Mimi, Sista. Sikio. Siku ya kugawanya."

Tulitaka kucheka, tukamwona Sista anakuja. Alipiga magoti, magoti yale yaliyolia, kwenye sakafu tuliyoing'arisha wenyewe, akamwomba msamaha. Mtoto yule akaogopa akaanza kulia. "Haikuuma sana," alimwambia. "Sista, simama, haikuuma sana." Tangu siku hiyo sikumbuki kumwona akicheka na mwili wote.

Sasa sikiliza jambo langu mimi, maana shule ile iliishia darasa la saba. Baada ya hapo, mvulana aliyetaka kuendelea alikwenda kwenye koleji ya mabruda, juu Berea, mabruda kutoka Ireland ile ile, koleji yenye bustani na makoti ya blezi na timu ya raga. Mtoto wa karatasi kama leso hawakumpokea. Sista alimwita Papa, wakaongea Kifaransa, chake kibovu na cha Papa kilichopigwa pasi.

"Mkuu wao ni mtoto wa kijiji chetu," alisema Sista. "Nimemjua akiwa na kamasi. Ananisikiliza."

"Tumwandikie, ma mère?"

"Hapana. Akiandikiwa atafikiri. Nitampeleka mtoto mwenyewe, nimemshika mkono. Mwezi wa kumi na moja, siku ya kupokea wapya, nitavaa viatu vizuri na nitamshika mkono. Kwa mkono hatakataa."

Papa alirudi nyumbani akiimba kwa Kilatini. Mama alinunua kitambaa cha kijivu cha suruali kabla hata hajajua rangi ya koleji. Mimi nilikwisha kuwa daktari, rubani na, kwa siku mbili tatu, askofu.

Mwezi wa saba Sista alianza kutuita majina ya watoto wa zamani. Mimi aliniita jina la Kizulu la mtu ambaye labda sasa ni babu. Alitia chaki kwenye chai akaikoroga. Alisimama katikati ya korido akiwatazama wale wa kwenye picha kama mtu anayesubiri basi. Kineno chake kidogo hakukitafuta tena. Tulipokiacha, naye alikiacha kipite.

Kisha Jumatatu moja, paredi, hakuwepo. Sista Mkuu, mwanamke mkavu wa maneno machache, alitangaza habari za viatu vichafu, za mchezo wa netiboli, halafu akasema, kwa Kiingereza, kwamba Sista amekwenda Home na tumwombee. Tukasema Salamu Maria moja tukaingia darasani.

Home! Mwenzangu wa dawati alikuwa anaruka. "Si nilikuambia? Amekwenda kisimani! Hata krismasi haitafika atakuwa huku, msichana!"

Nami nilifurahi, kwa nini nidanganye. Kwetu neno nyumbani lilikuwa na maana moja tu. Papa akisema nyumbani, hakusema chumba chetu cha orofa ya tatu chenye pazia katikati, alisema Bukavu. Mama akisema siku tutakaporudi nyumbani, kila mtu mezani alijua ni wapi, na alijua pia kwamba si mwaka huu. Basi Sista amekwenda nyumbani ni Ireland, kungekuwa wapi pengine? Niliwapa habari jioni, tunakula sombe.

Papa akaweka tonge chini. "Amerudi kwao," alisema. "Mutu akizeeka arudi kwao. Ni haki yake." Alilisema kwa wivu mtupu, hata mimi mtoto niliusikia.

"Heri yeye iko na kwao," Mama akajibu.

Na hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu akienda nyumbani unamuuliza nani nini? Unamtakia safari njema.

Mwezi wa kumi na moja ulifika. Papa alivaa suti ya ualimu, mimi nikavaa suruali ya kitambaa cha kijivu, tukapanda teksi mpaka juu. Yule mkuu wa kamasi hakuwepo tena. Mabruda walikuwa wamepungua, mahali pake ameketi bwana wa tai asiye mtawa, mtu mpole, hilo nalisema. Alimsikiliza Papa mpaka mwisho. Akasema jina la Sista analijua, nani asiyelijua. Kama Sista atakuja mwenyewe, au atasema neno moja tu, hata kwa simu, ataangalia la kufanya.

"Sista amekwenda nyumbani," Papa alimwambia kwa Kiingereza chake kile kile kisicho na kineno.

Yule bwana akainamisha kichwa. Nadhani alielewa kwamba amekufa, maana Kiingereza cha kanisa nacho kina nyumbani yake. "Pole sana," alisema. "Basi sitaweza."

Tukasubiri teksi ya kurudi. Mkabala na kituo kulikuwa na nyumba kubwa yenye veranda ya kijani, na wazee wa kizungu wameketi juani, mablanketi magotini. Papa, mtu wa adabu, aliwavulia kofia. Mkono mmoja ukanyanyuka. Mimi nilikuwa namvuta suti.

"Papa, usihuzunike. Atarudi. Wanarudishaka. Atakuja kijana."

Nilimweleza kisima chote, na vyura. Nilitegemea atacheka. Aliirudisha kofia kichwani akatazama roboti ya barabarani ikigeuka nyekundu, ikageuka kijani, ikageuka nyekundu.

Wiki ya mwisho ya shule, nikiwa natelezesha tambara koridoni, mlango ukafunguliwa akaingia msichana wa kizungu. Madoadoa uso mzima! Moyo wangu uligonga mpaka, naapa, kengele ya saa sita iliona haya. Nilikimbilia mkono wake wa kushoto kutazama kidole, lakini ulikuwa umeshika kitu.

"Karibu tena, Sista," nilisema. "Mimi ndiye wa koleji. Tumechelewa kidogo, lakini bwana mkubwa amesema ukija atakubali."

Aliniangalia, akatabasamu kama watu wanavyotabasamu wasipoelewa. "Unaweza kunishikia hapa?" aliniuliza, na akanipa ncha ya futikamba. Nikashika. Akarudi nyuma kinyumenyume mpaka mwisho wa korido, chini ya wale wote wa kwenye picha, akasoma namba, akasema asante. Alikuwa anawapimia watu waliotaka kuinunua shule. Nilishika ncha ile kwenye kila darasa, kwenye kanisa, kwenye jikoni la uji, na mpaka tunamaliza nilikuwa bado ninatazama kidole chake kama kitapinda.

Mwaka mpya shule haikufunguliwa. Papa alisimama mbele ya lango lile muda mrefu, yeye aliyesema masomo ya mamère haifungwake. Nilikwenda kumsaidia Mama Warwick, nikashika mikoba ya rasta na vitana, nikakua, nikaingia kubeba mizigo Clairwood. Mwenzangu wa dawati alihamia Cape Town akapotea. Na usinicheke sana: kwa miaka mingi kupita kiasi niliendelea kuwatazama wasichana wa kizungu pua. Kisima nilishaacha kukiamini, ndevu zilikuwa zinaota, lakini kuacha kuamini ni jambo moja na kuacha kusubiri ni jingine. Nilisema tu moyoni yuko kwao, kuna mvua, kuna ng'ombe, anakunywa chai bila chaki.

Nilisoma, ndiyo. Nikiwa mtu mzima nilianza masomo ya jioni, kwenye ukumbi wa taa moja inayopepesa, tumechanganyika walinzi na wauguzi na madereva, tukisinzia kwa zamu. Nilimaliza. Nilivaa joho la kuazima, Mama akapiga vigelegele mpaka mkuu wa chuo akaruka mistari miwili ya hotuba. Papa hakuyaona. Alikuwa amezikwa hapa hapa Durban, mbali na nyumbani.

Na wale wa Ireland wamekwisha. Nasikia hata kwao, nyumba zile walizolala wasichana mpaka kwenye ngazi zimekuwa mahoteli, watu wanaogelea zilipokuwa bustani za rozari. Walikuja wakajenga kama wendawazimu, wakafundisha nusu ya mji huu kujitazama ulimi, wakazeeka siku moja, na hakuna aliyekuja nyuma yao. Nilisimama kwenye ile korido nikajaribu kuinusa dawa nyekundu ya sakafu. Nikasikia makayabo. Kijana wa Goma akaniita, "Mkubwa, simu yako iko tayari," na hata yeye nilitamani nimweleze, lakini angeelewa nini? Angeangalia ukuta, angeona ukuta.

Nimebakiza moja tu. Ilikuwa muda mrefu kabla ya joho, wakati bado nabeba. Nilikuwa Warwick nimempelekea Mama chakula, nikamwona mwanamke wa Kizulu mwenye kitambaa cha usista akichagua vitunguu. Nikamtambua: alikuwa sista mdogo kuliko wote pale shuleni, binti wa Umlazi, yeye ndiye aliyetupimia uji. Hakunikumbuka mpaka nilipomwambia mimi ndiye yule mtoto wa Kongo wa kijiko kinachosimama. Hapo akacheka, akanishika mashavu mbele ya wauza vitunguu wote. Tuliongea Kiingereza na Kizulu, mimi nakuandikia kwa lugha yetu.

Nikamuuliza kama Sista bado yuko hai huko Ireland.

"Ireland?" alisema. "Hayibo, mwanangu, nani amekuambia Ireland?"

"Si mlitangaza amekwenda nyumbani."

"Tulisema the Home. The Home. Nyumba ya wazee, ile yenye veranda ya kijani, kule juu karibu na koleji ya mabruda. Alikaa pale miaka mitatu mpaka alipofariki. Ireland hakuiona tena." Aliweka vitunguu chini. "Ninyi watoto hamkuja hata mmoja. Na kila asubuhi alitusumbua tumvalishe viatu vizuri, anasema kuna mvulana lazima ampeleke shuleni kwa mkono. Tulidhani ni uzee tu."